Hema, moteli, kebini au nyumba ya kuchangia: ulale wapi ukienda kozi ya kuzama mapangoni Florida bila kumaliza hela

Ukishaamua kwenda Florida kaskazini kusoma kozi ya kuzama mapangoni, hela yako inaliwa na midomo mitatu: instrakta, gari, na mahali pa kulala. Instrakta usimbanie, huyo ndo anakufundisha jinsi ya kutoka mule ndani ukiwa mzima. Gari nalo halikwepeki, kule hakuna basi wala bodaboda, na ukitegemea teksi za kuita kwa simu kwenye vijiji kama Luraville utakaa kando ya barabara mpaka kiza kiingie. Panapobaki pa kubana ni kitanda. Sasa watu wakifika hapo wanafungua simu, wanapanga bei kuanzia ya chini, wanabofya ya kwanza, basi, kumbe chumba chenyewe kiko saa nzima kutoka kwenye maji, hakina pa kuanikia nguo, jirani anapiga muziki mpaka alfajiri, na asubuhi una zoezi la kutoka pangoni umefumba macho.

Mi navyoona bei ya kitanda kwa safari kama hii haisomwi peke yake. Inasomwa pamoja na kilomita mpaka kwenye chemchemi unazoingilia pangoni, mahali pa kujaza mitungi ya hewa, mahali pa kukausha vifaa na kuchaji taa, halafu usingizi. Usingizi ndo watu wanaudharau kuliko vyote. Nitalinganisha malazi wanayotumia wanafunzi wengi wa mapango kule, yaani hema, moteli, kebini na nyumba ya kuchangia, kisha nigusie Meksiko maana najua kuna watakaouliza.

Ramani kwanza, bei baadaye

Chemchemi za kule hazijakaa sehemu moja. Ginnie Springs iko kando ya mto Santa Fe karibu na mji mdogo wa High Springs, ni mali ya watu binafsi, na ndo penye mfumo wa mapango wa Devil's ambao maji yanatoka kwa nguvu kiasi kwamba unaingia kwa kujivuta kwenye mawe. Upande wa mto Suwannee kuna Peacock Springs, hifadhi ya jimbo, jina lake kamili Wes Skiles Peacock Springs State Park, iko Luraville, katikati ya Live Oak na Mayo. Pale maji yametulia ila chini kuna tope laini, ukipiga pezi vibaya mara moja huoni hata mkono wako. Little River iko karibu na Branford, ambayo ni katikati ya hizo mbili, na Madison Blue iko juu zaidi, njia ya kwenda Georgia.

Sasa instrakta wengi wanapenda mwanafunzi apite sehemu zote mbili, kwenye mkondo mkali na kwenye tope, maana ujuzi wake ni tofauti. Na kutoka High Springs mpaka Peacock ni kama saa moja kwa gari. Kwa hiyo kabla hujafungua programu yoyote ya kutafuta vyumba, muulize instrakta: siku ngapi Ginnie, siku ngapi Peacock, mitungi tunajaza wapi, na darasa la jioni linafanyikia wapi? Jibu lake linaweza kukuokolea hela kuliko punguzo lolote la mtandaoni. Kuna instrakta wana nyumba ama chumba wanawapangishia wanafunzi wao kwa bei ya kawaida tu na hawatangazi popote, usipouliza hutajua.

Jambo lingine, baridi. Maji ya chemchemi zile ni nyuzi 20 hadi 22 mwaka mzima, kiangazi na masika ni yaleyale. Mtu aliyezoea Mnemba, Mafia ama Diani akisikia 22 anaona ni poa tu, subiri ukae humo dakika 70 bila kupiga mateke sana. Unatoka umekauka midomo unatafuta maji ya moto, na hilo linaingia moja kwa moja kwenye swali la malazi: je, nikitoka majini nina bafu la moto na sehemu kavu, au naingia kwenye hema lenye umande?

Hema

Kwa bei hakuna kinachoshinda hema, hapo tusibishane. Ginnie wana eneo kubwa la kambi, kuna viwanja vya kawaida na vingine vina umeme na maji, na duka la kujaza mitungi liko mulemule ndani. Yaani unaamka, unakunywa chai, unabeba mitungi, uko majini wakati mwenzako wa moteli bado yuko foleni getini. Tena kuna miti. Unaweza kucheka lakini miti ni kifaa cha darasa: mazoezi ya kufunga kamba ya mwongozo yanaanzia nchi kavu, mnazungusha kamba ya rili kwenye miti halafu unaifuata umefumba macho, mkono umeshika kamba, mwenzako kakushika bega. Ukiwa kambini unafanya hiyo mpaka usiku kwa tochi na hakuna anayekushangaa. Jaribu kuifanya kwenye parking ya moteli uone polisi wanavyofika.

Ila sasa wikiendi. Ginnie siyo sehemu ya wazamiaji peke yao, kuna vijana wanakuja na maboya ya kuelea mtoni, na kuanzia joto likishaanza, hasa zile wikiendi ndefu za mwisho wa Mei, Julai nne na mwanzo wa Septemba, ni sherehe mtindo mmoja. Spika, pombe, kelele. Kama kozi yako inapitia Ijumaa na Jumamosi za kipindi hicho, omba kiwanja cha mbali na mto au hizo siku mbili hamia kwingine, maana mtu asiyelala akifika kwenye hesabu ya hewa anaanza kukosea, na hesabu ya theluthi (moja ya kuingilia, moja ya kutokea, moja akiba) haina utani.

Pia piga hesabu ya ada vizuri. Kuna ada ya kambi na kuna ada ya mzamiaji, uliza kabisa ipi imebeba ipi ili usije ukashtuka getini. Na kama unatoka mbali kwa ndege, hema, godoro la upepo, jiko na taa unavinunua, hiyo ni hela ya moteli ya siku mbili tatu imeshaondoka.

Kama unataka hema lakini hutaki disko, angalia O'Leno State Park, hifadhi ya jimbo kaskazini kidogo ya High Springs. Bafu za moto zipo, viwanja vina umeme, na ni kimya. (Halafu kwa wapenzi wa mapango pana utamu wake: mto Santa Fe unazama ardhini palepale hifadhini na kuibuka tena kilomita karibu 5 mbele yake.) Ubaya ni kwamba nafasi zinawahiwa mapema sana na huwezi kujaza mtungi hapo, lazima ushuke mjini.

Msimu wa hema? Machi, Aprili, Oktoba, Novemba hivi. Januari usiku unaweza kugusa sifuri, na umetoka kwenye maji ya nyuzi 22 na draisuti (suti ya kuzamia isiyoingiza maji) imevuja kidogo shingoni, hapo hutaniona. Julai nako ni mbu, unyevu na radi za kila mchana, wetisuti uliyoanika asubuhi unaikuta imelowa kuliko ulivyoitoa majini.

Moteli

Hapa kuna makundi matatu na hayafanani. High Springs penyewe pana moteli chache za zamani, ndogo, za milango inayofunguka nje. Alachua, njia ya kutoka namba 399 kwenye barabara ya I-75, kuna hoteli za makampuni makubwa, ni kama dakika kumi na kitu mpaka High Springs na dakika nyingine kumi na tano mpaka Ginnie. Halafu kuna Lake City, pale I-75 inapokutana na I-10, moteli zimejazana mpaka zinagombania wateja kwa hiyo bei inashuka.

Moteli ya kizamani yenye mlango wa nje ndo rafiki wa mzamiaji kuliko hoteli nzuri yenye lifti na zulia. Mitungi pacha ya chuma pamoja na bamba la mgongoni na regyuleta inafika kilo 40 na kuzidi, sasa ukipewa chumba cha ghorofa ya pili na ngazi za nje utajuta. Omba chumba cha chini, paki gari mbele ya mlango, mambo yameisha. Ukipiga simu badala ya kubuku mtandaoni mara nyingi wanakubali bila shida, tena mwenye moteli ndogo ukimwambia unakaa wiki nzima anaweza kukupunguzia, kule nako watu wanapatana bei ukiuliza kwa adabu.

Mambo ya kuangalia ambayo kwenye picha hayaonekani: soketi ziko ngapi na ziko wapi (taa kuu, taa za akiba mbili, kompyuta ya mkononi, simu, mara soketi zimeisha), friji na maikrowevu vipo au unalipia, na je wanaruhusu kuosha vifaa? Sehemu nyingine wameweka kabisa tangazo kwamba ukioshea vifaa vya kuzamia kwenye bafu unatozwa faini, na huwezi kuwalaumu, mchanga unaziba mabomba. Nunua ndoo kubwa ya plastiki, oshea nje. Betri za lithiamu usiziache zinachaji chumbani wakati umetoka kwenda kula, hilo halihitaji mjadala.

Lake City inavutia kwa bei lakini iko mbali na kote. Kwenda Ginnie ni dakika 40 hadi saa nzima, kwenda Peacock vilevile. Live Oak kuna moteli chache karibu na I-10 na ni karibu zaidi na Peacock na Madison Blue, kwa hiyo kama kozi yako imeegemea upande wa Suwannee, Live Oak inaishinda Lake City bila kutoka jasho. Madukani pia uko vizuri, kuna Walmart pale.

Na barabara za usiku kati ya Branford na High Springs zina kulungu. Wanaruka tu. Ukiwa umechoka baada ya daivu mbili na darasa la jioni, hizo kilomita zinakuwa ndefu.

Kebini za upande wa Peacock

Maeneo ya Luraville, Mayo na Branford utakuta kebini na vyumba vya kupanga, vingine vya watu wanaowajua wazamiaji miaka na miaka, vingine vya wavuvi na watu wa mtoni. Ndani ya Peacock yenyewe hakuna kulala, inafunguliwa saa mbili asubuhi inafungwa jua likizama, kwa hiyo watu wanalala jirani.

Kebini za wazamiaji zina raha moja ambayo moteli haina: mwenye nyumba anajua unachofanya. Kuna kamba za kuanikia, kuna hanga nene la draisuti, kuna bomba la nje, hakuna anayeuliza mbona chumba kinanuka mpira. Jioni unakaa na watu walioenda kule kule ulikokwenda, wanakwambia maji leo yana rangi gani, wapi kamba imekatika, nani alisahau nini. Elimu hiyo hulipii.

Ubaya wake ni upweke wa sehemu. Ukisahau mkate unaendesha mpaka Mayo au Live Oak. Mtandao wa simu unakuja unaondoka, waifai usiitegemee, kwa hiyo mtu anayefanya kazi kwa kompyuta asubuhi halafu anazama mchana asijidanganye. Bei inaweza kuwa sawa na moteli au chini yake kidogo, sasa usiende kwa kutegemea muujiza wa bei, nenda kwa sababu ya ukaribu. Ukiwa na siku nne tano mfululizo za Peacock na Little River, hapo kebini ni jibu.

Na kama umekuja na mke ama mume na watoto, aisee, usiwaweke Luraville. Watakuchukia. Ginnie wanaweza kuogelea, kuelea mtoni, na kuna kile chumba kikubwa kinachoitwa Ballroom ambacho mzamiaji wa kawaida asiye na cheti cha pango anaruhusiwa kuingia. Au wakae upande wa Gainesville, mji wa chuo kikuu, kuna makumbusho yenye banda la vipepeo, kuna migahawa ya kila aina, na maduka ya vyakula vya kigeni ambapo mtu unaweza kubahatisha unga mweupe wa ugali.

Nyumba ya kuchangia

Mkiwa watatu au wanne nyumba inaanza kuleta maana. Jiko kamili, mashine ya kufulia, uwanja wa nyuma wenye miti (miti tena!), meza ya kufanyia darasa, vitanda vya kweli. Tena sisi tunajua kupika kwa pamoja, sufuria moja la wali maharage linalisha watu wanne kwa hela ambayo kwenye mgahawa ingelisha mmoja.

Tatizo la nyumba ni bei inayokuja kwa vipande. Unaona dola fulani kwa usiku, ukifika kulipa kuna ada ya usafi, ada ya jukwaa la mtandaoni ulikobuku, kodi ya mauzo ya jimbo asilimia 6 na ya kaunti juu yake. Kodi inagonga moteli pia, lakini ada ya usafi ni ya nyumba, na ukikaa siku mbili tu inakuumiza, ukikaa siku tisa inagawanyika. Halafu mwandikie mwenye nyumba mapema: tunakuja na vifaa vya kuzamia, tutaanika nje, tutaosha kwa bomba la nje, ni sawa? Wa maeneo ya High Springs wengi wameshazoea. Wa mbali anaweza kuona draisuti nne zinaning'inia kwenye varanda akafikiri mambo mengine kabisa.

Jingine ni wenzako. Mmoja akiacha kozi katikati (na watu huacha, pango linamkataa mtu na hiyo ni sawa kabisa, bora uache kuliko ulazimishe) mnabaki na kodi ileile. Kubalianeni mwanzoni, tena kwa maandishi ya meseji tu yanatosha, kwamba anayeondoka mapema bado analipa sehemu yake ya kitanda.

Tupige hesabu sasa

Hizi bei ni za kuchukulia tu ili uone mwendo wa hesabu, wewe weka za tarehe zako. Tuseme siku nane za kozi, unalala usiku 9.

Hema kwa dola 30 kwa mtu ni 270. Ongeza 150 za hema na vikorokoro kama huna, inakuwa 420. Uko peke yako na hujagawana na mtu.

Moteli Alachua tuseme 90 kwa usiku, mara 9 ni 810, weka kodi kama asilimia 12 inafika karibu 907. Mkilala wawili ni kama 454 kila mmoja. Umeona? Imekaribia hema, na hapo una bafu la moto, kiyoyozi na kitasa mlangoni.

Lake City tuseme 65, mara 9 ni 585, na kodi 655. Umeokoa 250 ukilinganisha na Alachua. Lakini unaendesha tuseme kilomita 110 kwa siku badala ya 50, kwa siku nane ni kilomita 480 za ziada, petroli yake kama dola 40 na ushee kwa gari la kawaida. Bado umeokoa 200, sikatai, kama uko peke yako ni hela. Mkiwa wawili ni 100 kila mtu, na kwa hizo 100 unatoa saa moja ya usingizi kila siku kwa siku nane, mi siichukui hiyo biashara.

Nyumba ya dola 170, mara 9 ni 1,530, usafi 150, ada na kodi tuseme 350, jumla 2,030. Wanne ni kama 508 kila mtu, watatu ni 677. Inaonekana imeshindwa na moteli, ila weka chakula. Ukila nje kwa 35 kwa siku na ukipika kwa 12, tofauti ni 23, mara 9 ni 207. Nyumba ya watu wanne inashuka mpaka 300 ukiitoa hiyo, hapo inapiga kila kitu kasoro hema la mtu ambaye tayari ana vyombo vyake au anajipikia. Mkiwa watatu bado inakaribiana na moteli ya kushea. Mkiwa wawili achaneni nayo.

Maji yakijaa

Hili ndo linafanya nipende chumba cha kukanseli hata kama ni ghali kidogo. Suwannee na Santa Fe zikipanda, maji meusi ya mtoni yanarudi ndani ya chemchemi, Peacock inafungwa, Ginnie inageuka chai, na kozi inasogezwa au inahamia mbali kabisa kama Marianna, saa kadhaa magharibi. Mvua za Georgia miezi ya Februari mpaka Aprili zinaweza kufanya hivyo bila hata tone moja kudondoka ulipo wewe. Na kuanzia Juni mpaka Novemba ni vimbunga: Idalia ilipiga upande ule mwisho wa Agosti 2023, Debby ikaleta mafuriko Agosti 2024, na Helene mwezi uliofuata ikaivuruga Suwannee County na Live Oak vibaya, umeme ulikatika, miti ilianguka.

Kwa hiyo moteli ya kukanseli mpaka siku moja kabla ina thamani ambayo haionekani kwenye bei. Nyumba nyingi zinarudisha nusu au hazirudishi kabisa ukichelewa. Hema unalikunja unaondoka, hapo nalisifu tena. Ukilazimika kuchukua nyumba msimu wa vimbunga, soma sheria ya kurudisha hela kabla hujachangisha wenzako, maana wao watakudai wewe na siyo mwenye nyumba.

Kuchanganya, ndo ninachopendekeza

Hakuna aliyesema lazima ulale sehemu moja. Kozi nyingi zinaanza na hatua ya kwanza ambayo hamvuki mwanga wa mlangoni, halafu zinaingia ndani polepole. Jumapili jioni mpaka Alhamisi hema Ginnie, wikiendi mnahamia kebini upande wa Peacock au moteli Live Oak, instrakta akishakupa ratiba inawezekana kabisa. Mtu wa baridi, mtu wa mgongo mbovu, ama mtu mwenye mitungi ya kukodi ambayo lazima irudi dukani kila jioni, huyo achukue moteli ya chini High Springs na asihame. Kundi la watu wanne wanaofahamiana, nyumba bila kufikiri mara mbili.

Na Tulum je?

Meksiko, upande wa Quintana Roo uliko mji wa Tulum, maji ni nyuzi 25 hivi, hakuna mkondo mkali, mapango yamepambwa mawe yanayoning'inia, na ule mfumo wa Sac Actun baada ya kuunganishwa na Dos Ojos mwaka 2018 ulipimwa karibu kilomita 347. Kwa malazi mchezo ni mwingine kabisa, kwa sababu mara nyingi instrakta anakuja kukuchukua na pikapu yenye mitungi tayari. Gari la kukodi linaondoka kwenye bajeti, na hilo peke yake linaweza kulipa vyumba vyote.

Tulum ni mbili. Ufukweni ni kwa wenye nazo, na kitanda cha huko hakikusogezi karibu na pango lolote. Mjini, kule wanakokuita pueblo, kuna hosteli na vyumba vya bei ya kawaida, na uko dakika chache kutoka mapango ya Gran Cenote, Calavera na Car Wash. Hosteli ya watu nane chumba kimoja ni bei poa lakini wenzako wamekuja kucheza muziki, wewe unaamka saa kumi na mbili, tafuta chumba binafsi hata kidogo. Playa del Carmen ina vyumba vingi zaidi na chakula rahisi, iko kama kilomita 65 kaskazini, nzuri kama instrakta wako anapendelea Chac Mool, Tajma Ha na Eden. Kati ya hiyo miji kuna colectivo, vibasi vya barabara ya 307, kama daladala tu, kwa hiyo hata siku ya mapumziko huna haja ya gari. Chakula ulizia cocina económica, sahani ya mchana ya watu wa kazi, sio mgahawa wenye menyu ya Kiingereza.

Weka akilini ada za kuingia kila cenote (shimo la maji unaloingilia pangoni), zinalipwa kwa kila mtu na zikijumlishwa wiki nzima zinafika hela ya vyumba kadhaa. Ukipanga chumba kwa wiki uliza kama umeme wa kiyoyozi unahesabiwa tofauti. Maji ya bomba usinywe, nunua lile dumu la lita 20.

Usiku wa mwisho

Huu watu wanausahau kuuweka kwenye bajeti, iwe Florida au Meksiko. Baada ya siku nyingi za kuzama mfululizo ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na kama mlisimama njiani mkipanda juu ili gesi itoke mwilini basi zaidi ya hapo, wengi wanakwenda na saa 24 kamili. Maana yake daivu ya mwisho ikiisha saa tisa alasiri huondoki kesho asubuhi. Huo usiku wa ziada usiulipie kwenye nyumba ya watu wanne wakati wenzako wameshaondoka. Chukua chumba cha bei ya chini karibu na uwanja wa Jacksonville ama Orlando, au Cancún kama uko kule, kimoja chenye feni nzuri au kiyoyozi, fungua mabegi yote, tandaza wetisuti, viatu na mikanda kwenye kila kiti ulichonacho, maana neopreni mbichi ni nzito na mizani ya begi la kilo 23 pale kaunta haina huruma, na ada ya uzito uliozidi unaweza kukuta imepita bei ya chumba chenyewe.